Kisomeni Hiki! Elieshi Lema na Riwaya Iliyotoka Ndani ya Kihamba

Sina subira, kwa hiyo natoa hukumu kabla ya ushahidi: Parched Earth ya Elieshi Lema ndiyo riwaya bora kabisa niliyowahi kuisoma kuhusu maisha ya huku kwetu, mtelemko huu wa Kilimanjaro unaoshuka kutoka msituni hadi mjini Moshi. Nimeifunga usiku wa kuamkia leo na bado mwili unanisisimka. Nimeshawapigia simu watu watatu kuwasihi waitafute. Wewe ni wa nne, na wewe ninakuandikia kwa kirefu.

Riwaya hii ilichapishwa mwaka 2001. Aliyeiandika ni binti wa Nronga, wilaya ya Hai, kijiji ambacho ukitoka stendi ya Moshi asubuhi unakifikia kabla chai haijaisha harufu mdomoni. Jina la riwaya maana yake ni ardhi iliyokauka, na chini ya jina hilo mwandishi ameweka maneno ya kutuambia kwamba hii ni hadithi ya mapenzi. Ardhi iliyokauka, halafu mapenzi! Nilipoona hivyo viwili vimekaa kwenye jalada moja nilijua sitapika chakula cha jioni kwa wakati.

Hadithi yenyewe

Anayesimulia ni Doreen Seko, mwalimu. Mama yake ni Foibe, mwanamke aliyezaa bila kuolewa, akalea watoto wake katika jamii inayojua sana kuhesabu nani ni wa nani. Doreen ana ndugu wa kiume, Godbless. Angalia hayo majina, jamani! Foibe, jina lililoshuka kutoka kwenye Waraka kwa Warumi hadi kwenye daftari la ubatizo la Walutheri. Godbless, jina ambalo ukiliita pale Kwa Sadala siku ya soko watageuka vijana kadhaa. Kabla hata sijaambiwa hadithi inakwenda wapi, nilishajua nimeingia kwenye nyumba ya nani, kengele ya kanisa gani inasikika, na majirani wanasema nini mama huyu akipita.

Doreen anakua, anasoma, anakuwa mtu mwenye kazi yake. Anampenda Martin Patrick na anaolewa naye. Hapa Lema anafanya jambo ambalo waandishi wengi wanaoandika kuhusu mfumo dume hawana ujasiri wa kulifanya: anayaacha mapenzi hayo yawe ya kweli. Martin haingii kwenye hadithi akiwa na pembe kichwani. Ni mtu unayeweza kumpenda, na Doreen anampenda, na wewe msomaji unampenda pamoja naye. Kisha anazaliwa mtoto wa kike. Martin anataka wa kiume. Basi! Hilo peke yake. Hakuna jambazi, hakuna mchawi, hakuna ajali ya basi. Kuna hamu moja ya mwanamume mmoja, hamu aliyofundishwa na wengi waliomtangulia, na unaiona ikiinyonya nyumba maji tone kwa tone.

Baadaye anatokea Joseph. Naishia hapo. Usimwage mtama penye kuku wengi, na mimi mtama huu nataka uuokote mwenyewe. Niseme tu kwamba Doreen anapoanza kuuliza mapenzi ni nini hasa, yasipokuwa malipo ya kuzaa na yasipokuwa hisani ya kuhifadhiwa nyumbani kwa mtu, nililazimika kuweka kitabu chini na kutembea kidogo uani.

Kwa nini imenigonga namna hii

Njoo barabara ya Machame jioni, utazame. Mama anapanda mlima na bunda la majani kichwani, refu kuliko yeye, panga limechomekwa katikati, kanga imekazwa kiunoni. Majani hayo ameyakata mbali, chini kwenye nyika, kwa sababu juu huku kila kipande cha ardhi kimeshapandwa. Ng'ombe wake hatoki zizini; kila anachokula kinamfuata hapo alipo. Ng'ombe akila anatoa maziwa, na anatoa samadi. Samadi inaingia kwenye migomba, na chini ya migomba imesimama kahawa, na chini ya kahawa maharage na magimbi. Wageni wanapokuja kushangaa jinsi kihamba, shamba la ukoo la Mchaga, kinavyozaa kizazi baada ya kizazi bila kuchoka, wanapiga picha mifereji na miti. Rutuba ya kihamba imepanda mlima kichwani kwa mwanamke.

Na kihamba hicho, kwa desturi tuliyoikuta, kinarithiwa na watoto wa kiume. Binti anaambiwa ataolewa, kwake kuko anakokwenda. Mke aliyekuja anaambiwa kwao kuko alikotoka. Sasa mwanamke kama Foibe, ambaye hakuolewa na ana watoto, amesimama wapi? Doreen, ambaye ameolewa lakini hajazaa mvulana, amesimama wapi? Hilo ndilo swali la Lema, na ndiyo maana jina la kitabu linachoma. Mlima huu una mito, una mvua za masika na vuli, una mifereji ambayo mababu waliichimba kwa mikono wakayashusha maji kutoka msituni hadi mlangoni kwa kila ukoo. Mwandishi amezaliwa katikati ya maji hayo yote, kisha ameandika kuhusu ukame. Anajua anachokisema. Ukame anaouona umo ndani ya watu, kwa mwanamke aliyenyimwa haki ya kupendwa kwa ajili yake mwenyewe na kwa mwanamume aliyefundishwa kwamba bila mwana yeye si kitu.

Na Martin naye amekauka! Hilo ndilo lililonifanya nimpende zaidi mwandishi huyu. Kitabu kinamhukumu, ila kinamwonea uchungu pia. Mfumo unaompa mwanamume ardhi unamdai mrithi, na deni hilo linamla yeye na mkewe kwa pamoja.

Angalia pia wakati ilipotoka. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilipitishwa mwaka 1999, zikaanza kutumika Mei 2001, zikisema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mwaka huohuo ikatoka riwaya hii. Sheria ilikuwa inazungumza na afisa ardhi na baraza la kijiji. Lema alikuwa anazungumza na mume na mke wakiwa chumbani taa imezimwa, mahali ambapo hakuna gazeti la serikali linalofika.

Ni nani huyu mama?

Elieshi Lema alizaliwa mwaka 1949. Alisomea ukutubi, akafanya kazi ya vitabu, akaandika mashairi na hadithi za watoto kwa Kiswahili kabla ya kuja na riwaya hii kwa Kiingereza. Ila kuna jambo moja katika maisha yake ambalo limenifanya nisimame na kupiga makofi peke yangu, na ili ulione vizuri lazima nikurudishe nyumbani kwao Nronga.

Mwaka 1988, wanawake wa Nronga walianzisha chama chao cha ushirika wa maziwa. Kahawa ilikuwa ya baba. Jina kwenye kadi ya ushirika lilikuwa lake na fedha za msimu zilikuwa zake. Maziwa yalikuwa ya mama. Kwa hiyo akina mama wakayakusanya maziwa yao, wakayapima, wakayauza pamoja, na fedha zikaingia mikononi mwao. Mwaka uliofuata, Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa unalinda bei ya kahawa kwa mgawo ulivunjika, bei ikaporomoka duniani, na hapa Kilimanjaro zao lililojenga nyumba za bati, shule, makanisa na jengo la chama cha ushirika cha KNCU pale mjini likaanza kuwakatisha watu tamaa. Ndoo ya maziwa ya mama ikawa ndiyo ada ya shule.

Na mwaka huohuo wa 1989, kule Dar es Salaam, binti wa kijiji hichohicho aliungana na mwanamke mwenzake, Demere Kitunga, wakaanzisha kampuni ya uchapishaji. Wakaiita E&D, herufi za majina yao wenyewe. Wanawake wawili! Wakati ambapo uchapishaji ulikuwa umezoeleka kuwa kazi ya mashirika ya umma, wakati karatasi, wanunuzi na maduka ya vitabu vyote vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi. Sisemi kwamba walipanga pamoja na akina mama wa Nronga. Nasema kwamba ukiziweka hizo habari mbili kwenye meza moja, unaona akili ileile: kama njia ya kufikia soko inapita mlangoni kwa mtu mwingine, jenga njia yako. Miaka kumi na miwili baadaye Parched Earth ikapita kwenye njia hiyo. Mwandishi hakusubiri London wala Nairobi imwambie kama hadithi ya Foibe na Doreen inafaa kuchapishwa. Mlango aliujenga kwanza, kisha akaupita na kitabu chake mkononi.

Kikasafiri hata hivyo. Kilitajwa kwa heshima kwenye Tuzo ya Noma, tuzo iliyoasisiwa mwaka 1979 kwa fedha za mchapishaji wa Kijapani Shoichi Noma kwa ajili ya vitabu vilivyoandikwa na Waafrika na kuchapishwa hapahapa Afrika. Masharti hayo ya kuchapishwa Afrika yanakaa vizuri sana na kazi ya mwanamke aliyeanzisha nyumba yake ya uchapishaji.

Mwenzake Kitunga hakuishia hapo naye. Ndiye aliye nyuma ya Soma Book Café kule Mikocheni, mahali pa kusoma, kuandika na kubishana. Hawa ni watu waliojenga vitu, na vitu vyenyewe vimesimama.

Imeandikwaje?

Taratibu, na kwa ujasiri. Lema hana haraka ya kukufurahisha. Anamwacha Doreen awaze, arudi nyuma, amtazame mama yake tena na tena kila anapopata umri zaidi. Kadiri Doreen anavyoumia ndivyo anavyomwelewa Foibe, na uhusiano huo wa mama na binti ndio ninaouona kuwa hadithi kubwa ya mapenzi iliyofichwa ndani ya hadithi ya mapenzi. Mwanzoni nilidhani Foibe ni chanzo cha fedheha ambayo binti anataka kuikimbia. Baadaye nikaanza kumwona kama mwanamke pekee katika kitabu aliyekuwa amelipa bei yote mapema, kabla wengine hawajajua kwamba kuna bei.

Kuna sehemu katikati ambapo mawazo yanazidi matukio. Doreen anafafanua anachokihisi kwa kurasa kadhaa wakati mimi nilitaka mtu abishe hodi. Msomaji aliyezoea riwaya za kukimbizana atalalamika, na simlaumu. Mimi nilivumilia, na nilipotoka upande wa pili nilielewa kwamba mwanamke aliyekatazwa maisha yake yote kusema anachokitaka anahitaji kurasa za kutosha kujifunza kukisema.

Na mapenzi ya mwili yameandikwa na mtu mzima kwa ajili ya watu wazima. Hayana aibu, hayana uchafu. Ni mara chache sana nimemwona mwanamke wa kwetu, wa umri wa mama zetu, wa malezi ya kanisa, akiandika kwamba mwanamke anatamani, na kwamba kutamani kwake ni sehemu ya utu wake. Shikamoo, mama!

Anakaa wapi kwenye rafu yetu?

Hakutokea jangwani. Mwaka 1975 Ndyanao Balisidya alitupa Shida, na mwaka huohuo Martha Mlagala, ambaye wengi wanamjua pia kwa jina la Mvungi, akatupa Hana Hatia. Penina Muhando alikuwa ameshalishika jukwaa la tamthilia. Wanawake wa Tanzania wameandika, na wameandika vizuri. Alichoongeza Lema ni mlima huu, ukitazamwa kutoka ndani ya nyumba.

Kwa sababu Kilimanjaro imeandikwa sana, lakini na watu waliosimama mbali wakitazama theluji. Hemingway aliiweka kwenye jina la hadithi yake mwaka 1936 na dunia nzima ikakariri. Wapandaji wanaandika kuhusu kilele kila mwaka. Hao wote wanapita pembeni ya nyumba ya Foibe wakienda juu. Lema amebisha hodi, amekaribishwa, amekaa jikoni.

Halafu fikiria hili. Vijana wetu wa kidato cha tano na sita wamekuwa wakisoma An Enemy of the People ya Henrik Ibsen, Mnorwei aliyeiandika mwaka 1882 kuhusu mji mdogo wenye bafu za maji ya tiba na viongozi wasiotaka kusikia ukweli. Ni tamthilia nzuri mno, na vijana wa Moshi wanaielewa kabisa, kwa sababu maji na ukweli havina uraia. Basi kama mji mdogo wa Norwei unaweza kusafiri hadi darasa lililo chini ya Kibo, kijiji cha Hai kinastahili kukaa dawati la mbele kwenye darasa hilohilo. Walimu wa fasihi mnaonisoma, hata kama haimo kwenye orodha yenu ya mwaka huu, kuna klabu za usomaji, kuna Ijumaa mchana, kuna maktaba zenye rafu zinazosubiri. Anzeni hapo.

Na kazi nyingine?

Kwa watoto kuna Safari ya Prospa na Mwendo, za Kiswahili, na mtu aliyetumia maisha yake kuhakikisha mtoto wa Tanzania ana kitu cha kusoma kwa lugha anayoiota hana haja ya kujitetea kwa lolote. Mwaka 1991 ulipoanza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, vitabu vya hadithi kwa Kiswahili, vizuri na vya rangi, vilikuwa bado ni kitu adimu shuleni. Wachapishaji wadogo kama E&D ndio waliobeba kazi hiyo mgongoni.

Kwa wakubwa kuna riwaya ya pili, In the Belly of Dar es Salaam, ya mwaka 2011. Ndiyo kwanza nimeianza. Nimefika mjini sasa, kwa watoto wanaoishi maisha magumu katika jiji linalomeza watu, na tayari naona jicho lilelile: linamtazama aliyesukumwa pembeni na kukataa kumwonea huruma ya juujuu. Nikiimaliza nitarudi na makelele mengine.

Nani aisome?

Asome kila mwanamke aliyewahi kuulizwa kwenye sherehe, mbele ya watu, "Na wa kiume lini?" Asome kila mama aliyelea peke yake. Asome mchumba kabla ya kupeleka mbege ya posa, na washenga wake pia. Wasome watu wa Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, ambao tukikutana mjini tunataniana kuhusu lafudhi lakini wote tumerithi kanuni ileile ya nani anapewa kihamba. Asome Mmakonde, Msukuma na Mpemba, kwa sababu swali la mtoto wa kiume halikuanzia kwetu na haliishii kwetu.

Mwenye nakala akopeshe. Asiye nayo aagize, aulize dukani, aulize tena wiki ijayo mpaka muuzaji aone kuna wateja na ailete kwa katoni. Mwandishi ni wetu, mchapishaji ni wetu, habari ni zetu. Kilichobaki ni wasomaji nao wawe wetu.

Na ukishaimaliza, najua utakalotaka kufanya: utataka kumpelekea dada yako. Dada yako anaijua hadithi hii hata kabla ya kuifungua. Mpe kaka yako, yule atakayepewa kihamba. Kaa naye mpaka afike ukurasa wa mwisho, kisha muulize atawaachia nini binti zake.